Difu ya Nyuma

Nilijua kabla sijaifungua.
Vumbi la Cheyo halishiki plastiki kavu,
lakini chini ya tumbo la gari, upande wa kulia,
lilikuwa limeganda, jekundu, kama ugoro mdomoni.
Na kwenye kona gurudumu la ndani lilizunguka bure,
la nje likisubiri kuambiwa.

Mezani kwangu Isevya natengeneza simu.
Watu huleta vioo vilivyopasuka, chaji isiyoingia,
na siri zao, wakisahau kufuta.
Saa moja jioni nafunga mlango, nazisukuma pembeni,
natandika gazeti, naitoa difu.
Haizidi yai la bata.
Skrubu nne. Ndani gia ndogo, pini ya msalaba,
na oili, ile kidogo iliyobaki,
ikijivuta kama asali ya Sikonge mwezi wa saba.

Sisi wa Tabora tunajua kitu kizito kinavyovuja.
Ndoo unaifunga kwa nailoni, unaongeza mpira, unaomba Mungu;
treni ikifika Dodoma
begi lako linafuatwa na nyuki.

Mara ya kwanza nilibadilisha oringi.
Ikavuja.
Mara ya pili nikabadilisha oringi, nikamlaumu
fundi wa kiwandani nisiyemjua hata jina.
Ikavuja.
Mara ya tatu nikakaa, nikaitazama mikono yangu.
Ni mimi niliyekuwa naosha mipira kwa petroli:
inavimba, inanenepa, inaonekana imeshiba,
kesho yake imelegea kama ahadi ya mdaiwa.
Na ni mimi niliyekuwa najaza hadi ukingoni,
nisiache hata nafasi ya pumzi.
Gia zikipata moto, oili hutanuka.
Itatafuta mlango.

Sasa napaka mpira grisi kwa ncha ya njiti.
Namimina hadi gia zifunikwe, basi,
naacha wazi usiku kucha mapovu yapande
moja moja, kwa muda wao.

Ikabaki gasketi.
Ya zamani imechanika, na duka la vitu hivi liko Dar.
Karatasi ya daftari nyembamba. Boksi la viatu nene.
Nikapekua droo, nikaipata:
kadi ya mchango, nyeupe, maua ya dhahabu pembeni.
Familia ya Lugendo inayo furaha.
Kijana wao Nkwabi anaoa, Nzega, mwezi wa nane.

Nkwabi, aliyenifundisha kukaza kimsalaba,
hii, kisha ile ya mkabala,
usimalize moja ndipo uiendee nyingine.
Jumapili kwa Jumapili nyuma ya shule
yeye na rimoti, mimi na mbio,
nikilisimamisha gari kila lilipopinduka.
Alipokwenda mgodini Kahama aliliacha kwangu,
na chaja, na antena iliyokatika.
Maneno hakuacha. Sikuyaulizia.

Unene wa kadi ni sawasawa.
Nikakata mviringo kwa wembe, nikatoboa matundu manne.
Jina lake likaingia ndani,
la bibi arusi likabaki kwenye mabaki.
Halikuwa kusudi, ndivyo maandishi yalivyokaa.
Mchango nimeshatuma. Elfu thelathini.
Watu wasiseme.

Nikakaza kimsalaba.

Asubuhi gazeti kavu.
Nikazungusha gurudumu la kulia kwenda mbele;
la kushoto likarudi nyuma, kwa uzito,
kama mtu aliyeitwa akiwa bado anakula.
Nikarudia mara nyingi kuliko ilivyohitajika.
Mteja wa kwanza alikuta nacheka, akauliza bei ya kioo.

Jumapili nitakwenda na Milembe, mtoto wa jirani,
miaka kumi na mmoja, miguu myepesi.
Safari hii rimoti naishika mimi.
Difu ya mbele nayo imeanza kutoa jasho, nimeiona.
Nusu ya kadi bado ninayo.