Umelinunua Lilivyo

"Umelinunua lilivyo," akasema Hedley
mlangoni, kikombe cha chai mkononi,
nyuma yake mkewe akijifanya hasikii.

Gari lilinizimikia kilimani Merthyr, siku ya tisa,
gia ya tatu ikitetema kama meno ya mwenye homa.

Wakili wa bure pale maktabani
alinieleza polepole: mtu binafsi si duka.
Ubovu alioukalia kimya, huo ni wako.
Alichokitamka, hicho kinamfunga.

Nikafungua simu. Jumanne usiku aliandika:
"Giaboksi haijawahi kuguswa."
Na chini ya dashibodi, kati ya maganda ya peremende,
risiti ya fundi, jina lake Hedley,
giaboksi, mwezi Machi.

Sikubishana. Nilimnyooshea.

Mkewe ndiye aliyesema:
"Hedley, kalete pochi."