Njia Inapoanzia

Kibao kinasema njia inaanzia hapa:
NJIA YA KOMBA, KILOMITA NNE NA NUSU.
Nilikiandika mwenyewe. Rangi ya njano ikaniganda kuchani
hadi arusi ya binamu yangu, kule Mnara,
watu wakadhani ni hina iliyokosewa.

Kazi yangu ni kitabu.
Jina. Utokako. Idadi ya watu. Lengo la safari.
Saa ya kuingia. Saa ya kutoka.
Kalamu nimeifunga kwa kamba ya katani,
maana wageni wa Rondo siku hizi hawaibi mbao,
wanaiba kalamu.

Jumamosi walikuja watatu kutoka Dodoma
na hema la rangi ya papai.
Wakauliza choo, wakauliza nyoka,
wakauliza kama mtandao unashika.
Unashika juu ya kisiki, nikawaambia,
ukisimama ukaelekea Lindi.
Wakapanda kwa zamu, mmoja mmoja,
simu juu,
kama wanaomwomba Mungu chenji.

Sikuwaambia kisiki ni cha nani.
Mvule ule aliuangusha baba, Chilumba,
na mwenzake upande wa pili wa msumeno.
Siku ya tatu ndipo ukakubali.
Usiku ule hakugusa ugali.
Alipoulizwa, akasema bado anausikia ukishuka.
Sasa wageni wanateleka juu yake
tambi, kwa jiko la gesi dogo kama kopo la maziwa.

Alfajiri, hema bado limelowa umande,
akaja mama na kapu
na jembe lililoliwa na udongo likabaki kijiko.
Ming'oko. Mwezi huu ghala linatoa mwangwi.

Bwana misitu Hokororo ni mgeni, buti zake bado zinalia.
"Mama, uandikishwe kwanza. Ni utaratibu."
Mama hakumtazama yeye. Alinitazama mimi,
niliyebebwa mgongoni kwenye njia hii
kabla haijapata jina,
kabla haijajua kuwa ina kilomita.

Nikafungua kitabu.
Jina: Somoe binti Likwena.
Utokako?
"Jikoni."
Idadi ya watu?
"Mmoja. Au andika saba, ndio watakaokula."
Lengo la safari nilijaza mwenyewe.
Saa ya kutoka?
"Kapu likijaa."

Hokororo akasoma, akakuna shingo,
akasoma tena.
Akagonga muhuri.

Binti mmoja wa Dodoma, mwenye kamera, akaomba kumfuata.
Baadaye alinisimulia:
mama hakuangalia hata alama moja ya njano.
Alikwenda akishika mitambaazi kwa vidole,
anavuta kidogo, anaachia, anavuta mwingine,
kama mtu anayetafuta uzi wake katika nguo ya watu wengi.
Alipochimba alikata mizizi, kichwa akakiacha,
akarudisha udongo, akapiga kwa kiganja.
"Mbona unafukia, bibi?"
"Wewe ukitoka chumbani kwa mtu,
mlango unauacha wazi?"

Binti hakupiga picha. Alisema mikono ilikuwa na tope.

Jioni wakakunja hema. Pale lilipolala
nyasi zilibaki zimelala pia, mraba mweupe.
Kwenye safu ya maoni wakaandika:
Mahali pazuri. Choo kisafi.
Komba tumemsikia, hatukumwona.
Haikueleweka vizuri njia inapoishia.

Kalamu wakaiacha. Kamba wakaondoka nayo,
sijui ya kufungia nini.

Mama hakupita getini.
Alikatiza nyuma, kwenye mikorosho ya Mchopa,
na nilipofika nyumbani sufuria lilikuwa limeshaipuliwa,
chumvi imeganda ukingoni,
watoto wanamenya huku wanapuliza vidole.

Kwa mujibu wa kitabu, bado yuko msituni.
Saa ya kutoka iko tupu, mstari wa nne kutoka chini.
Hokororo ameniuliza mara mbili.
Namwambia nitajaza.

Sijajaza.