Kreti ya Kilo Nane

Kiwandani, saa nne kasorobo, taa nyeupe,
sangara wanapita mbele yangu na barafu mdomoni.
Mzani ukasema arobaini na nane.
Mimi nikaandika nane.

Arobaini ilikuwa imeliwa.
Upande wa kushoto wa dunia haukuwa giza,
giza lingekuwa afadhali;
haukuwepo tu.
Msimamizi Magesa alisimama na nusu ya uso,
sharubu nusu, hasira nzima.
"Nyamizi, unalala?"
Nikafungua kinywa. Neno likatoka limevaa shati la neno jingine.

Halafu ule uzi wa nuru,
umekunjwakunjwa kama meno ya msumeno,
unameremeta pembeni mwa jicho,
unakua taratibu, kama mgeni ajuaye hafukuzwi.
Ganzi kidole gumba. Ganzi cha shahada. Ganzi mdomo.
Dakika ishirini, nimeshajifunza kuzihesabu.

Kisha kikapanda.

Kipandauso: waliokipa jina hawakukosea,
ila hawakusema kinapanda na njumu.

Igogo, chumbani, kati ya majabali mawili,
mshipa wa panja unapiga
na jiwe la nyuma ya nyumba linaitikia.
Harufu ya dagaa wa jirani,
dagaa walewale ninaowala kila siku,
inapita chini ya mlango na kunikaba.
Kijiko kikianguka kwa Mama Kulwa
naanguka nacho.
Mwanangu Limi, ambaye jina lake kwetu ni jua,
anatundika kanga dirishani bila kuambiwa,
anasogeza beseni, anatoka kwa ncha za vidole.
Jua langu linanifungia jua nje.

Wamesema mengi. Shemeji: uvivu.
Jirani: kuna mtu kakutupia jicho.
Mama yangu alichanjwa chale tatu kila panja;
nilizigusa nikiwa mdogo, nikidhani ni urembo.
Alijifunga kitambaa kichwani, akakaza, akakaza tena,
akaingia chumba cha mpunga,
akatoka kesho yake na rangi ya majivu,
akaomba uji wa chumvi, akacheka na kuku.
Tuliambiwa, mama yenu anapenda kujifungia.

Tabibu Nyanjige alichora ubongo nyuma ya kadi yangu.
Mchoro mbaya, ulifanana na andazi.
"Huanzia huku nyuma, penye kuona.
Ni wimbi, lakini la kutambaa,
milimita chache kwa dakika.
Linapopita, seli zinapiga kelele, kisha zinanyamaza.
Ule msumeno unaouona ni ukingo wake.
Halafu neva za uso zinaamka,
utando unaoufunika ubongo unawaka.
Ubongo wenyewe hausikii maumivu."
Kama mwenye kiwanda, nikawaza.

"Kwa hiyo ni ugonjwa?"
"Ni ugonjwa."
Nikalia kwa neno hilo
kuliko nilivyowahi kukililia kichwa.
"Na hurithiwa?"
Akatazama kalamu yake. "Mara nyingi."

Mawimbi ya ziwa nayajua: yanapiga, yanarudi,
mtu unaweza kufua nguo kati ya moja na jingine.
Hili nimepewa vidonge sita na daftari,
niandike siku, usingizi, chakula, hedhi,
nimeze mapema, kabla hakijashika ngazi.
Magesa nilimpelekea cheti. Alikisoma mara mbili.
Ile kreti bado wananitania nayo.

Jana umeme uliporudi,
Limi, miaka tisa, akaweka kitabu chini.
"Mama, mbona taa ina meno?"

Sikumwambia macho ya watu.
Sikumwambia mwivu wa kusoma wewe.
Nikazima taa, nikatundika kanga,
nikalala kando yake mkekani
nikamshika kidole gumba.
"Tuhesabu," nikasema.