Muhuri wa Mnyororo

Nimetoka Mpunguzi alfajiri, sketi nimeikunja,
nimeibana kwa vibanio viwili vya kuanikia nguo,
na bado mnyororo umenilamba.
Mguu wa kulia, shavuni kabisa:
meno matano meusi, yamepangana
kama ya mtoto aliyeng'ata hindi la kuchoma.

Ofisini karani akatazama mguu kabla ya uso.
"Mama Ndahani, fomu haina muhuri.
Mwenye muhuri yuko semina. Rudi Jumatatu."
Nikacheka peke yangu ngazini:
muhuri ninao, tena wino haujakauka.

Sabuni ya mche? Inalisambaza tu.
Doa linakuwa wingu, na wingu lisilo na mvua
sisi wa Dodoma tunalijua.
Petroli ya fundi Chilewa inaunguza ngozi.
Mama mkwe ndiye aliyenifunza:
mafuta hutolewa na mafuta.
Basi kijiko cha alizeti, yale ya kikaangoni,
yananukia dagaa kidogo, si neno.
Unasugua taratibu, kama unayebembeleza mdai,
kisha jivu, kisha kipande cha kanga iliyochoka.
Maji mwishoni, kikombe kimoja;
dumu ni mia tano
na bomba lina wiki halijakohoa.

Yamekwenda meno manne.
La tano nimeliacha.
Jumatatu naikanyaga tena pedali,
na karani akiniuliza muhuri
nitamwekea mguu mezani,
agonge wake kando ya huu.