Maji Huja Alhamisi

Tangazo la keateka limebandikwa getini,
karatasi ya daftari iliyochanwa katikati: MAJI HUJA ALHAMISI.
Mwaka mzima nalipita nikienda kufundisha mantiki,
darasa la jioni, juu ya duka la miwani, barabara ya Latema.

Huko naandika ubaoni:
Kila Alhamisi maji huja.
Leo ni Alhamisi.
Kwa hivyo…
na wanafunzi, wamechoka na kazi za mchana, wananimalizia.
Chaki haijawahi kunibishia.

Leo ni Alhamisi. Nimefungua mfereji,
ukavuta pumzi ndani kama mtu aliyetaka kusema kitu akaghairi.
Ndoo tatu, pipa la buluu, sufuria ya maharagwe ya juzi.
Hitimisho ni halali. Sina cha kunawia uso.

Nashuka ngazi na hiyo hu- mdomoni kama kokwa.
Hebu kichunguzeni kiambishi hiki: hakina mimi, hakina wewe,
hakina jana. Ninakuja, walikuja, atakuja,
kila kitenzi kimemvaa mwenyewe shingoni;
hiki kimepita getini bila kitambulisho.
Maji huja. Watu hufa. Umoja hukauka.
Nani aliona? Mara ngapi? Hakiulizwi.
Silabi moja imemeza Alhamisi zote,
hata zile ambazo hazijazaliwa.

Syombua yuko uani, ameinama, sikio juu ya bomba.
Jina lake, kwa Kikamba, lina mvua ndani,
wala halijamjazia hata kikombe.
Huwafulia watu nguo ghorofa zote tano
(huwafulia! tazama, hata mimi siachi),
analipwa kwa beseni.

"Yanakuja?"
Anainua kidole ninyamaze.
"Linakohoa."
"Linakohoa vipi?"
"Kikohozi cha maji si kikohozi cha hewa."
"Tofauti yake?"
Namwona akitafuta, macho yakipita juu ya kamba za nguo,
juu ya antena, kana kwamba neno lilianikwa huko
na jirani amelianua.
"Njoo usikie mwenyewe."

Napiga magoti. Chuma ni baridi, kinanuka sarafu.
Nasikia damu yangu. Nasikia pikipiki ya mtu wa gesi.
Nasikia, nadhani, kikohozi,
ila sijui kama nimesikia au nimeambiwa.

Miaka kumi na miwili nimewafunza watu:
pasipo neno hapana wazo.
Kumbe…

na hili nalo, kumbe, sikuwahi kulipa nafasi ubaoni.
"Na" ina alama yake, "au" ina yake, "ikiwa" ina mshale.
Kumbe haina. Haiungi sentensi na sentensi;
huunga sentensi na paji la uso lililogonga mlango.
Nikisema mfereji ni mkavu, nimearifu.
Nikisema kumbe mfereji ni mkavu, nimejishtaki:
nilikuwa nimeazima dunia nyingine,
nimekuja kuirudisha.

"Dakika ishirini," asema Syombua, akifuta sikio kwa leso.
"Labda nusu saa. Leta ndoo."
Labda yake ina misuli.
Kwa hivyo yangu ilikuwa na chaki tu.

Nataka kumwambia ameniangusha, yeye na sikio lake,
kwamba nitabomoa somo la kesho nianze upya.
Lakini nauliza kwanza:
"Mbona umekuja kusikiliza leo? Mbona si jana?"

Ananitazama kama mtoto aliyekosa jumlisho.
Ananyoosha mkono wenye povu kuelekea getini.
"Si imeandikwa?"

Nimesimama hapo, sina pa kuweka hoja.
Kijana wa ghorofa ya tatu amepenyeza jerikeni mbele yangu,
"Foleni ni foleni, mwalimu."
Bomba linakohoa tena.
Wote tunamgeukia Syombua.
Ameinua kidole,
hajasema.