Kasha la Langoni

Kazi hii sikuiomba.
Ilianza na kiatu cha mguu wa kushoto
kilichobaki barazani kwangu usiku wa harusi ya kina Famau.
Nikakitundika msumarini, mwenyewe akipita akione.
Hakupita. Ila mtaa mzima ukashika imani
kwamba kwa Mwanapate, mkabala na kinu cha kusaga,
ndiko vitu vilivyopotea vinakokwenda kulala.

Leo nina kasha la bati na daftari la kurasa mia.
Sikiliza:

Ufunguo mmoja, mrefu kuliko kiganja.
Milango minne ya Mkomani imeukataa.

Jino la dhahabu, ndani ya kibiriti.
Walikuja wanne kulidai. Nikawaambia, haya, chekeni.
Watatu meno yao yametimia;
wa nne hakuwa na hata moja,
akakiri hakumbuki lilikaa upande gani.

Taa nyekundu ya nyuma ya lori,
na hapa kwetu lori hilo utalipitisha kichochoro kipi?
Mwanangu Bunu akaifunga mkiani pa punda wake.
Nimeandika: imeazimwa.

Halafu kuna habari ya mbuzi.

Bi Somoe alikwenda kituoni, leso kichwani, analia.
Zamu ilikuwa ya Konstebo Ekal, mgeni,
ameshuka juzi na boti ya Mokowe,
kijana wa adabu, mwandiko wake mzuri.
"Mbuzi yangu imeibwa."
Sisi tukisikia "yangu" tunajua.
Angekuwa wa kulia mee, angekuwa "wangu".
Lakini huko atokako Ekal
mbuzi ni yangu, ni wangu, mradi arudi zizini.
"Ina alama?"
"Meno makali. Mguu mmoja umelegea, nimeufunga kamba."
"Mara ya mwisho uliiona wapi?"
"Jikoni. Naikalia kila asubuhi, mwanangu, tangu niolewe."
Konstebo akainua kalamu. Akaishusha. Akaandika.

Siku tatu alipita vichochoroni akifungua vinywa vya mbuzi.
Siku ya nne akabisha kwa Bi Somoe na beberu mwekundu,
anachechemea, meno yake kwelikweli.
Athman mshona kofia hakuweka hata sindano chini, akatunga palepale:

   Bi Somoe wa Langoni, kapotelewa na mbuzi,
   Karipoti kituoni, ukaanza uchunguzi,
   Akaletewa nyumbani, beberu bila ujuzi,
   Nazi akunie nini, kwato hazikuni nazi?

Tulicheka wiki nzima, na Ekal akacheka nasi,
ingawa alichelewa kidogo,
kama mtu anayesubiri tafsiri.

Mbuzi yenyewe? Ilikuwa kwangu, nyuma ya kasha.
Mke wa Bunu, mzaliwa wa Nakuru,
aliipokea nikiwa sokoni, akaandika:
"Kiti cha mtoto. Cha hatari."

Jana nikamwona Ekal anapita na jua la saa saba,
nikamhurumia,
nikamwita kwa lugha ya mama yangu: "Ndoo! Ndoo, mwanangu!"
Akaitika. Akageuka mbio.
Akarudi na ndoo,
ya buluu, imejaa maji, nusu yamemwagikia buti zake.
Tukaitazama wote wawili.
Nikamtilia kahawa.

Akinywa, akakiona kile kiatu msumarini.
"Kituoni tunacho kama hicho," akasema,
"kililetwa asubuhi ya baada ya harusi."
Akaenda kukichukua. Ngozi ileile, bizimu ileile,
hata kisigino kimelika vilevile.
Tukavipanga sakafuni, bega kwa bega:

vyote viwili vya kushoto.

Basi mahali fulani katika mji huu
kuna mtu anatembea na viatu viwili vya kulia,
anashangaa kwa nini kila akishika njia ya msikitini
anatokea sokoni.