Daraja la Jumatatu

Mtakatifu Yosefu kaangukia Alhamisi mwaka huu,
serikali ikamsogeza hadi Jumatatu
kama mtu asogezaye kiti apate kunyoosha miguu.
Huku Kolombia sikukuu ya namna hii huitwa daraja.

Na daraja lina mlinzi: Yorladis, kibanda namba nne,
barabara ya kuteremkia Melgar.
Noti, chenji, safari njema.
Noti, chenji.
Magari yamesheheni maboya ya watoto, masufuria,
mbwa kachomoza kichwa dirishani kama mbunge.
Tangu Ijumaa jioni hajatia kinywani kitu cha moto.

Baba yake alikuwa José, fundi vitanda,
akafa tarehe kumi na tisa, siku ya somo yake.
Basi Alhamisi alfajiri, kabla ya zamu,
Yorladis aliwasha mshumaa juu ya friji.
Nje watu walikimbilia kazini; kengele kimya.
Mtakatifu alikubali kuhamishwa.
Baba alibaki palepale.

Leo ndiyo kengele zinalia.
Dereva mwenye kofia ya ufukweni anapaza sauti:
"Sikukuu njema, dada! Wewe hupumziki?"
Anamhesabia chenji, polepole, sarafu kwa sarafu,
nyuma honi zinapandana.
Kisha anainua kizuizi.